Kazi Yenye Mikia Miwili

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msiseme bibi alikuwa mkali bure. Ukali wangu una sababu, na sababu yenyewe ni kidonda cha mguu.

Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja cha Discovery Gardens, huku ughaibuni kwa Waarabu: mimi, mjukuu wangu wa kike na kaka yake. Sukari ilishanila vidole viwili. Kila jioni binti alirudi kutoka kliniki ya Oud Metha, akanisafisha kidonda na kunifunga bendeji, huku akikariri Kijerumani. Alikuwa amepata kazi Ujerumani, kuuguza wazee.

Darasa la tatu sikulimaliza, lakini herufi nazijua. Nikawa namshikia vikaratasi vyake vya maneno, kisha anavibandika ukutani. Siku moja nikakutana na neno lililonimaliza pumzi: Pflegefachfrau.

"Hili neno au hotuba?"

Akacheka. "Ni matatu, bibi, yamegandishwa. Utunzaji, utaalamu, mwanamke. Ndiyo kazi yangu hiyo."

"Mwanamke kaingiaje humo? Kwetu muuguzi ni muuguzi."

"Kwao kazi sharti ijulikane anaifanya mwanamke au mwanamume. Akiwa mwanamume unabadilisha mkia tu: Pflegefachmann."

Nilitazama vidole vyake vikikaza bendeji bila kuniumiza, nikajua vimeshapata wenyewe, wazee wa watu nisiowajua.

Akaondoka Ijumaa baada ya sala. Sikwenda uwanja wa ndege, mguu haukuniruhusu. Kufika Jumapili kidonda kilikuwa kinanuka, na kaka mtu, mlinzi wa jengo, ameketi anabofya simu.

"Mume wangu," nikamwita kwa utani wa bibi na mjukuu, "njoo unisafishe."

"Mimi? Hiyo kazi ya kike, bibi. Tutafute yaya."

"Kwa mshahara wa nani? Umekuwa arbab lini, tajiri wa kuajiri watu?"

"Nitakuumiza."

"Niumize. Si ndio sisi tuliobaki?"

Hakuinuka. Pua kaifunika kwa shati, macho kayaelekeza ukutani, kwenye vikaratasi vya dada yake ambavyo hakuna aliyevibandua. Hapo utani ukanitoka.

"Kazi hii ina mkia wa kiume, dada yako kaniambia. Khalas, yameisha. Kuanzia leo kidonda changu unaosha wewe, kila jioni, kabla hujagusa simu. Lete beseni."