Siku Tovuti Yangu Ilipoita Kijiji Kizima Kula

Naona aibu hata kuandika, na mimi kuandika kwenyewe kunanichukua muda, kwa hiyo mjue aibu hii nimeirudia neno kwa neno. Lakini kijijini kwetu Natta nzima wanajua, mjini Mugumu wameshasikia, na juzi mtu wa kijiji cha Robanda aliniuliza kama mimi ndiye yule wa mbuzi. Ndiyo, ni mimi.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Niliishia darasa la saba, hii kazi nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu huku nachunga ng'ombe (ng'ombe walipotea zaidi ya mara moja, ndiyo maana baba haipendi). Baba alinipa muda hadi mahindi yakaribie kukomaa. Nikiwa sijapata mteja wa kueleweka, laptopu inaingia sandukuni na mimi nahamia kwenye kibanda cha shambani, kupiga madebe kufukuza tembo. Mteja nilipata mmoja tu, Mama Rhobi, mwenye kambi ndogo ya mahema ya watalii hapa kijijini. Akiridhika, angenitafutia kazi kwa wenye kambi wenzake. Asiporidhika, tembo wananisubiri.

Basi wakaja Mugumu vijana wa startapu, yaani hizi kampuni changa za mjini, fulana zao za rangi moja, wametengeneza programu ya simu ya kuuzia ng'ombe, wakatangaza semina ya bure kwa mafundi tovuti wanaojitegemea. Mafundi wenyewe tulikuwa mimi na jamaa mmoja anayechapa barua za watu stendi, sehemu iliyobaki ya ukumbi ilijaa watu waliofuata soda ya bure. Na mimi nilianzia kwenye foleni ya soda, nikaingia somo limeshaanza, nikajificha kiti cha nyuma, na nilichosikia ni hiki: "Msisubiri kitu kikamilike! Kitoeni kikiwa nusu, watu wakitumie, makosa mtayaona humo humo!"

Nilipiga makofi hadi viganja vikauma. Mimi vitu vyangu vyote viko nusu! Kumbe miaka yote hii nilikuwa startapu bila kujijua.

Nikarudi nyumbani nikaitazama tovuti ya Mama Rhobi kwa macho mapya. Kalenda yake ilikubali siku moja tu, Jumamosi. Ukurasa wa bei ulikuwa mweupe. Mtu akijiandikisha, Mama Rhobi alipata meseji ya idadi ya wageni bila majina yao, kwa sababu majina nilikuwa sijayaunganisha. Kitu pekee kilichokamilika ni kengele, kila mtu akijiandikisha laptopu yangu inalia kama kengele ya shule (hiyo niliifanyia kazi wiki nzima, msinicheke). Fundi mwenye akili angempigia mwenye kambi amwambie, mama, nataka kujaribu. Lakini mimi kumpigia mtu simu lazima kwanza nizunguke nyumba, ninywe maji, halafu niahirishe. Kwa hiyo nikaandika kwenye grupu la kijiji (Mama Rhobi mwenyewe hayumo): "Karibuni kambi ya Mama Rhobi Jumamosi. Jiandikishe hapa, weka na idadi ya watu unaokuja nao."

Nilitaka wabonyeze tu, nione kama inafanya kazi. Sasa niambieni ninyi, huku kwetu mtu akikukaribisha Jumamosi, akakuuliza unakuja na wangapi, na bei haipo popote, utaelewa nini? Utaelewa kuna sherehe, na mwenye sherehe ni mtu mstaarabu, anataka kujua apike sufuria ngapi.

Kengele ikalia. Ikalia tena. Kufika jioni ililia hadi mama yangu akauliza kama shule imehamia chumbani kwangu. Mimi nikajiona tajiri. Watumiaji!

Ndipo Mama Rhobi akapiga simu, sauti inatetemeka kwa furaha.

"Mwita mwanangu! Meseji zinamiminika! Wageni wote hawa wanatoka wapi?"

Hapo, wenzangu, hapo ndipo nilipotakiwa kusema "ni majaribio, mama." Maneno matatu. Nikayatafuta, nikasema, "Hongera, mama."

"Mungu akubariki. Ngoja nijipange."

Akajipanga kweli. Jumamosi nilipofika (nilikwenda nikiwa na nia ya kumweleza, tangu asubuhi nilikuwa nakusanya ujasiri), nilikuta mbuzi wawili wameshachinjwa, magodoro yameazimwa kwa majirani, kwaya ya akina mama imejipanga kwa sare, na mwalimu wa Kiingereza amevaa tai, anafanya mazoezi ya kutabasamu. Ujasiri wangu ukaondoka, nikaingia hema la mwisho na laptopu yangu, nikafunga zipu.

Pikipiki ya kwanza ikaingia. Kwaya ikapasua wimbo, mwalimu akakimbia mbele akamwaga Kiingereza chake chote, na aliyeshuka ni Mzee Marwa, jirani yetu, na kibuyu cha maziwa mkononi kwa sababu kwenye sherehe mtu haendi mikono mitupu. Nyuma yake mkewe, wana, wakwe na wajukuu.

"We mwalimu, umekunywa nini asubuhi yote hii?" Mzee Marwa akamuuliza kwa Kikurya.

"Shikamoo mzee," Mama Rhobi akasema, anatazama barabarani. "Umepishana na magari ya wazungu?"

"Marahaba. Wazungu nao wamealikwa? Basi nyama haitatosha. Nani anaolewa?"

"Haolewi mtu! Nasubiri wageni walioandikishwa."

"Si ndio sisi! Mimi niliandika kumi na wawili, mmoja ana homa kabaki."

Kwaya ikakatikia katikati ya ubeti. Na wengine wakawa wanaingia, ukoo kwa ukoo, na waliokuwa wamesahau kujiandikisha wakaona nyama, wakatoa simu wakajiandikisha palepale getini. Ndani ya hema langu kengele ikaanza: ngee! ngee! ngee! Nikaikalia laptopu. Ikalia chini yangu.

Zipu ikafunguliwa. Alikuwa baba. Naye alijiandikisha, na ndugu zake.

"Toka," alisema, basi.

Nikasimamishwa mbele ya kwaya, koo zote na mbuzi wawili, mimi ambaye shuleni nilikuwa nachapwa kwa kutokujibu nikiitwa jina, nikaeleza yote kwa sauti ndogo hadi Mama Rhobi akanikatiza mara kadhaa: "Sema wasikie!" Nilipomaliza, Mzee Marwa akauliza, "Kwa hiyo tunakula, hatuli?"

Mama Rhobi akanitazama, nikaona machozi yamemlenga. Halafu akashika mwiko. "Nyama imeshaiva, nitaipeleka wapi? Wewe utaosha masufuria."

Nikaosha. Na nani akaja kuniletea sahani chafu? Kijana wa startapu, na fulana yake (tangazo lilishafika hadi Mugumu, akajiandikisha na wenzake wawili).

"Ninyi mlisema nitoe kitu nusu!" nikamwambia.

"Kwa watu wachache, wanaojua ni majaribio. Sisi tulianza na wafugaji watatu, tukashinda nao mnadani tukiwauliza. Tulisema mwanzoni kabisa. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwenye foleni ya soda.

Mbuzi wa Mama Rhobi walilipwa kutoka zizi la baba, na mimi nikahamia kibandani kwa tembo. Huko ndiko Mama Rhobi alinifuata, akakaa juu ya debe, akasema tovuti bado anaitaka ila safari hii tuimalize tukiwa tumekaa wawili, yeye anauliza na mimi najibu kwa mdomo. Nikajibu. Tulianza na bei.

Sitatoa tena kitu nusu kwa mtu ambaye sijaongea naye uso kwa uso, hata kama itabidi nizunguke nyumba yake kwanza. Mzee Marwa ndiye pekee aliyehuzunika. Kila tukikutana anashika tumbo ananiuliza, "Mwita, tovuti nyingine lini?"