Sinema Niliyoitazama Peke Yangu

Kosa langu nalikiri kabla hujanicheka: kwa miaka minne niliwasimulia majirani zangu wa Lubaga sinema ambazo sikuwahi kuziona. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko barazani kwangu, na safari yangu ndefu ya wiki ilikuwa kwenda bombani kuchota maji. Shule niliachia Senior Three, Kiingereza cha kusoma mabango kikanitosha. Nikiona bango la mtu mwenye koti na bastola kwenye ukuta wa duka la jirani, hadithi naimalizia mwenyewe huku nakanyaga cherehani: mpelelezi, wakubwa wala rushwa, njama, pingu. Hayo yalikuwa uongo. Haya ya leo ni kweli tupu, na ukitaka kubisha ngoja kwanza nimalize.

Ilikuwa enzi ya wanajeshi, sukari ikawa adimu kuliko mvua ya kiangazi. Jirani yangu Erisa alikuwa mtunza ghala la sukari. Magunia yakapotea, mkuu wake akamnyooshea kidole, Erisa akatiwa kwenye buti la gari. Jumanne asubuhi mkewe, Maama Sanyu, akaja barazani na macho yamevimba.

"Ssebo, bwana wangu, wewe umeona sinema zote za upelelezi. Mwizi wa kweli wanamtafuta namna gani? Askari amenambia Ijumaa wanamhamisha Erisa."

Kuhamishwa. Kila mtu Kampala alijua maana yake: aliyehamishwa harudi. Ningemwambia nini? Kwamba mimi ni bingwa wa mabango? Nilikohoa, nikasema nitafikiri, na mchana nikavaa viatu vya kanisani nikaenda mjini kujifunza.

Ukumbi wa sinema ulikuwa kimya, lakini dirisha la tiketi lilikuwa wazi. Ndani alikaa mtu mwembamba, koti la kaki, sikio moja limechanika. Hakutaka hela. Alinipa tiketi, akashika tochi, akaniongoza hadi kiti cha mbele. Viti vyote vilikuwa vitupu. Mimi nikajua ndivyo sinema zilivyo, kwani nilijua nini?

"Tazama ngazi," aliniambia. "Usimtazame mtu."

Picha ikaanza bila sauti. Mpelelezi wa koti, kama wangu wa mabango, alikuwa anafuata msururu wa sisimizi. Wakavuka ua, wakapanda ngazi za buluu, ya tatu imevunjika, wakaingia chini ya mlango. Nyuma ya mlango magunia yamefika dari, na bwana mnene mwenye pete nyekundu anacheka. Taa zilipowaka, yule wa tochi hakuwepo.

Jioni nikamsimulia Maama Sanyu, nikiona haya, maana sinema yenyewe haikuwa na mwisho. Nilipofika kwenye ngazi akanishika mkono.

"Buluu? Ya tatu imevunjika? Ssebo, hiyo nyumba iko Kibuli! Mkuu wa ghala alimjengea mke wake mdogo. Mimi mwenyewe nilipeleka kuku siku ya harusi, nikajikwaa hapo hapo. Na pete nyekundu ni yake!"

Tulimwendea Sajini, jirani wetu wa nyumba ya pili, mwanajeshi wa kutoka kaskazini aliyependa hadithi zangu. Tulitaja haki, akapiga miayo. Tulitaja sukari, akasimama kutafuta kofia.

Jumatano Sajini na wenzake walivunja ule mlango wa Kibuli. Sisimizi walikuwepo, ngazi zilikuwepo, magunia yalikuwepo hadi dari. Mkuu wa ghala alitiwa kwenye buti lile lile. Na Alhamisi jioni Erisa aliingia uani kwa miguu yake, ndevu zimemjaa, kiatu kimoja. Maama Sanyu alipiga vigelegele hadi vya Mengo, kilima cha jirani, vikaitikia. Sajini alileta debe la sukari, magunia mengine yalikokwenda tusiulize, tukanywa chai tamu hadi meno yakauma. Nilibebwa juu juu, mimi ambaye hata bombani huenda kwa kulalamika!

Katikati ya chai nikamsifia Sajini ukumbi ule. Akacheka.

"Sinema gani? Mashine ya pale ilichukuliwa mwezi jana, ikapelekwa kambini. Mlango una kufuli."

Nikamweleza mtu wa tochi, koti la kaki, sikio lililochanika. Kicheko kikaisha.

"Huyo ndiye aliyekuwa akiendesha mashine pale," akasema. "Alichukuliwa pamoja na mashine. Mashine ilifika."

Tiketi ninayo hadi leo. Nimeifungia kwenye kopo, nimeiweka juu ya kabati, nimeishonea ndani ya mto. Kila asubuhi nakuta sisimizi wameizunguka, na wala haina sukari. Sitoki tena nyumbani bila sababu, na wewe nakuonya: kabla hujaingia ukumbini, gusa kwanza kufuli. Lakini ukishaonyeshwa kitu humo, kiseme.

Nilipomweleza Maama Sanyu kwamba zile sinema nyingine zote nilizitunga, hata hakuacha kumenya ndizi.

"Ulikuwa mwongo, na bado ni mwongo," alisema. "Lakini Erisa yuko ndani, anakula."