Mchanga Usio na Mwenyewe

Esnart ameanika chisense kwenye mchanga wa Kashikishi tangu hajaolewa. Chisense ni dagaa wa ziwa Mweru. Ukichelewa kuwaanika, jua la mchana linakukuta wameshanuka. Kila mama ana sehemu yake pale, na hakuna jiwe wala kijiti cha kuionyesha. Kuweka alama ni kumwambia jirani kwamba humwamini. Uvuvi unapofungwa Desemba hadi mwisho wa Februari, kina mama huufagia ufuko pamoja, kisha hutawanyika mashambani kwenye mihogo.

Mwaka huu alirudi Machi, beseni limejaa kichwani, akakuta ua wa waya umeuzunguka mchanga.

Mlinzi wa langoni alikuwa Constantin, Mkongo aliyezoea kununua samaki kwake.

"Mama Esnart, usinikasirikie. Bakubwa balikuya mu Janvier, balisema habakukuta mutu."

"Na weye haukujua ni kwetu?"

"Nilijua. Lakini nani aliniuliza miye?"

Akaenda kwa mkuu wa kijiji. Naye aliletewa habari tu. Diwani akasema agizo limetoka juu. Huko juu ni wapi, na kuna nani, hakuna aliyeweza kumwambia, na nadhani hata wao hawajui. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alituma waya, uso wake akabaki nao. Esnart alitaka sana kugombana, akakosa wa kugombana naye. Jioni akamwaga beseni zima, samaki wameoza, akalia mbele za watu bila kujali.

Wiki haikuisha, ikatangazwa kwamba mle ndani wanatakiwa wanawake wa kuanika samaki kwa malipo ya kutwa. Esnart aliapa hatakanyaga. Lakini njaa haijui kiapo. Kesho yake alikuwa kwenye foleni, nyuma ya Eneless, jirani yake wa mchangani tangu zamani. Walisalimiana bila kutazamana.

Kijana aliyekaa mezani akiandikisha majina hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia kwa heshima, kwa wingi kama mtu mkubwa, akampisha kwenye kiti, akashika kalamu.

"Mama, mmewahi kuanika samaki?"

Nyuma ya kijana huyo mchanga ulikuwa mweupe, mtupu, jua limeshaanza kuuchoma. Esnart aliona kwamba hapo angeweza kusema yote. Akaona pia foleni iliyokuwa nyuma yake.

"Kidogo," akajibu. "Mkinielekeza, nitajifunza."