Kidole Gumba cha Daktari

Kitu cha kwanza alichokiona Praxeda kwa yule daktari wa jeshi kilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Hata alipokuwa ameketi kwa amani barazani Makorora, mwaka ule wa 1953, kidole kile kiligandamiza ukingo wa meza kana kwamba damu ingeruka akikiachia. Chai aliinywa kwa mkono wa kushoto, na alipozungumza aliinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya tawi. Kristofa, askari aliyekuwa naye vitani, ndiye aliyesimulia kisa cha kidole hicho. Rafaeli, mwana wa Praxeda, alipopigwa risasi ya paja katika misitu ya Mashariki ya Mbali, daktari alitambaa hadi kwake, akaziba mshipa kwa kidole hicho, asikiondoe mpaka jua lilipotua, huku risasi zikikata majani juu yake.

"Tukampigia kelele, 'Lala chini, Daktari!' Akajibu, 'Nikilala, nani atashika hapa?'"

"Usimsikilize huyu, mama," daktari alisema. "Alikuwa kajibanza nyuma ya gogo, ameona nini?"

Wanaume wakacheka. Praxeda akaweka kitambaa cha kaki mezani. "Fundi Dharsi ananisubiri, Daktari. Suruali ya Rafaeli ishonwe miguu mingapi?"

Daktari alikitazama kitambaa. "Nilipoondoka Nairobi, hospitali ilikuwa haijaamua kama mguu utakatwa. Mshonee miwili, mama."

Lakini kidole kiligandamiza meza hadi ukucha ukawa mweupe. Jumamosi, suruali ikiwa imekunjwa kwapani, Praxeda alisimama stesheni tangu alfajiri, akiitegea sikio treni ya Moshi iliyokuwa ikimleta Rafaeli.