Wimbo wa Ema

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka moyoni mpaka leo. Nilikuwa msichana, nikiishi Mbulumbulu kwa shangazi yangu Paskalina. Homa ilikuwa imemchukua mwanawe wa pekee, Ema, naye katika kumlilia akamtungia wimbo kwa Kiiraqw. Aliuimba akipalilia maharage, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Majirani wakipita njiani walinyamaza mpaka wavuke shamba.

Siku hiyo tulipeleka karoti kwenye hoteli moja ya watalii karibu na Karatu mjini. Tukiwa kwenye mlango wa jikoni tukasikia ngoma. Vijana walikuwa wanawachezea wageni, na wimbo ulikuwa ule ule, ila umeharakishwa na kutiwa vigelegele. Jina la Ema likaitwa, na wageni wasioelewa neno hata moja wakapiga makofi. Shangazi akatua kapu, akangoja wamalize.

Kiongozi wao, Daudi, alikuwa kijana wa jirani yetu. Alipotoka, shangazi akamsimamisha.

"Shangazi, nilishauliza," Daudi akasema hata kabla hajaulizwa. "Wimbo wa mdomoni tu, usioandikwa popote, yeyote anaruhusiwa kuuimba. Hatujavunja sheria."

"Sijasema umevunja sheria, mwanangu. Ulijua Ema ni nani?"

Daudi akainamia viatu vyake. "Nilijua. Nilikuja msibani."

"Sasa mbona hukuja kuniomba? Pengine ningekupa."

Daudi akarudi ndani kwa wenzake. Wala hawakuuacha wimbo ule, maana wageni waliupenda mno. Shangazi hakumshtaki, angemshtaki kwa lipi? Ila hakuuimba tena. Alipalilia kimya miaka yote, mpaka uzee ukamlaza.

Tulipomzika, tulitaka kumsindikiza kwa wimbo wake. Kuuanza tu, vijana wakaupokea kwa makofi, kwa kuwa wao waliujua kama wimbo wa kuchezea. Nikajaribu kuwarudisha kwenye mwendo wake, ule wa shambani. Nikautafuta kichwani, sikuuona. Hata mimi, mwanangu, nilikuwa nimeusahau.

Siku hizi ukigusa simu tu umeshanakili kazi ya mtu, na mara nyingi hakuna wa kukushika. Nakusihi, usiishie kuuliza kama inaruhusiwa. Uliza kitu hicho ni cha nani, na ukikichukua mwenyewe atabaki na nini. Nenda kwake, bisha hodi, omba. Akikataa, rudi mikono mitupu, hutapungukiwa kitu.

Mungu akutunze, mwanangu, na akupe macho ya kumwona mwenye kitu kabla hujakitamani kitu chenyewe.