Foni ya Kolwezi na Maneno Niliyoongeza

Mwanamuziki mmoja maarufu, jina lake naliacha, amekufa mara nne kwenye simu yangu tangu mvua zianze. Mara ya kwanza alikufa kwa ajali, ya pili kwa sumu, ya tatu wake zake wakapigana juu ya jeneza. Jana amekufa tena, na jioni yake nilimwona kwenye televisheni akiimba, mnene, jasho linamtoka. Watu wa mtaa wetu walilia kila mara kwa bidii ileile. Binti yangu anakasirika: "Papa, hawa wanaotunga habari wafungwe!" Kazi yao niliifanya kabla hawajazaliwa, na niliifanya vizuri kuliko wao wote wakikusanywa uwanjani.

Nilikuwa mtu wa foni. Vijana hawaijui tena: redio ya kuongea mji kwa mji, sanduku zito kama jiwe la kusagia, linalokula betri ya gari, na waya wake umefungwa kati ya milingoti miwili nyuma ya nyumba. Yetu ilikuwa ya mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Maniema, aliyetaka kujua malori yake yamekwama Kasaji au Kisenge. Posta ilikuwa imekufa. Kampuni ya migodi, iliyokuwa imetuzalisha, imetutibu na kutuzika, ilikuwa inakufa nayo. Kwa hiyo mji mzima ulikuja kwenye chumba chetu cha mbele kuuliza habari za ndugu.

Kwenye foni anaongea mtu mmoja tu. Unabonyeza kitufe cha mikro, kile kipaza sauti cha mkononi, unasema, unamalizia na "Kwako!", unaachia, ndipo unasikia jibu. Ukiendelea kubonyeza husikii kitu, na mwenzako hawezi kukukatiza. Chumba kizima kinasikiliza, na kila mji ulio kwenye mawimbi hayo unasikiliza pia. Lakini sikio lisilozoea linasikia kama mafuta yanayokaanga tu. Mimi nilikuwa nimezoea, basi nilirudia maneno kwa sauti. Mtu wa Likasi akisema mjomba amepona, mimi nilisema mjomba amepona, amenenepa, juzi amecheza mpira na kufunga mabao mawili. Hakuna aliyelalamika. Walitoka wakicheka.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha foni, nilisikiliza redio za ng'ambo kwa Kifaransa, halafu nikawapa waliokuwa kwenye foleni habari za dunia. Hapo nako niliongeza. Walipenda zaidi habari za wanamuziki: nani ameachana na mke, nani amenunua nyumba Ulaya yenye vyoo saba. Vyoo vilikuwa vyangu. Redio haikutaja hata kimoja. Waliniamini kwa sababu nilikuwa na cheti cha shule ya usiku, miaka sita baada ya saa za karakana. Aliyetia sahihi cheti hicho alikuwa mwalimu wetu, mtu wa Kasai, mkoa wa jirani, kwa baba na kwa mama, mzaliwa wa Kolwezi, mume wa mama mmoja wa hapahapa aliyeuza mikate karibu na soko.

Ndipo ikaja miaka ya kufukuzana. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na "kwao" ilikuwa mahali ambapo wengi hawakuwahi kupaona. Nilisimama mlangoni kwangu nikaangalia. Sikuimba. Wala sikusema kitu, na mimi ni mtu asiyenyamaza hata kanisani. Kituo cha treni kikajaa watu, na makabati, na vitanda, na milango iliyong'olewa kwenye nyumba zao wenyewe, wakisubiri mabehewa yaliyokuja yakitaka.

Nyumba ya Mwalimu ilivunjwa vioo, redio yake ikachukuliwa. Siku ya pili mke wake alikuja foni, mikono bado ina unga.

"Weye mwanafunzi," akaniambia, "kaka yangu wa kule Kasaji ametuma neno. Anasema nimupeleke bwana kwake mu mashamba, ajifiche mupaka moto upoe. Bwana yeye anasema aende gare ya treni na benzake. Kifua chake unakijua, inakohoa. Redio inasema nini juu ya gare?"

Redio ilikuwa imesema sentensi moja. Moja! Kwamba katika miji ya Katanga watu wanasubiri treni vituoni. Baada yake msomaji alihamia kwa mwimbaji mmoja aliyekimbiwa na mke wake, akakaa huko hadi chai yangu ikapoa. Niliona haya kumpa mama yule sentensi moja. Niliona kama namnyima chakula.

"Mama, dunia nzima inatuangalia! Treni ziko njiani, na ndani yake kuna madaktari, maziwa na mablanketi. Kila behewa na daktari wake."

"Redio njo inasema vile?"

"Kwa Kifaransa safi."

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Basi aende gare. Daktari ni bora kuliko mihogo ya kaka."

Mwalimu alikwenda peke yake, ili atangulie kutafuta mahali. Mama na watoto watatu wakahamia kwa dada yake mkubwa. Kituoni hapakuwa na maziwa. Palikuwa na mvua. Alilala chini ya karatasi ya plastiki wiki tatu, na wiki hizo tatu mimi nilikwenda kazini kwa njia inayozunguka, ili nisione reli. Mama alimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga ya lenga-lenga kila mchana. Hakuniuliza habari za madaktari. Siku treni ilipoondoka, watu wamekaa hadi juu ya mabehewa, ndipo alipoanza kuja foni kila siku, akikaa kwenye benchi lilelile, akingoja habari za mume wake.

Upande wa pili, kule Mwene-Ditu, treni za Kasai zilikoshusha watu, kulikuwa na mwenzangu niliyemjua kwa sauti tu. Zamani tulifungua mawimbi kwa mpira na ugomvi wa wanamuziki. Sasa alifungua kwa kusoma majina ya walioshuka, na mara nyingine ya walioshushwa wakiwa maiti. Watu kwenye benchi walishika vichwa. Ajabu ni kwamba, orodha ikiisha, walewale waliniuliza: "Na yule mwimbaji, bibi yake amerudi?" Wasomi husema ni upuuzi. Mimi niliwaona wakivuta pumzi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Asubuhi moja mwenzangu akasema, "Nina mwalimu wako hapa. Amekuja mwenyewe. Kwako!"

Nikaruka. "Mama! Yuko hapa! Mzima!"

Sauti ikaja, nyembamba, imechanwachanwa na kikohozi. Mama akainamisha sikio kwenye sanduku, akainuka polepole, akaniangalia kama mwizi.

"Uyu hapana bwana yangu. Bwana yangu ana sauti ya kengele. Weye unataka kunifurahisha tu."

"Mama, naapa..."

"Usiape. Na daktari wa mu behewa uliapa?"

Watu wa benchi wakanigeukia mimi.

"Umuulize," akasema, "mu nyumba yetu nani anachinjaka kuku?"

Nikauliza. Kukaanga kwa mafuta kulidumu sana. Mtu aliyefundisha Kifaransa nusu ya Kolwezi, ambaye hakuvua tai hata Jumamosi, alikuwa anafikiria miji yote iliyokuwa inasikiliza. Kisha akajibu, nami nikarudia kama ilivyokuja: "Ni yeye. Mimi najifungia chooni mpaka kuku anyamaze."

Benchi likapasuka kwa kicheko. Kwenye mawimbi sauti fulani ya mbali, sijui ya mji gani, ikaingia: "Tata, hata mimi!" Mama alicheka hadi akashika meza, na alipoinua uso ulikuwa umelowa.

"Njo yeye," akasema. "Aseme sasa."

Mwalimu akaniita. "Chukua kalamu. Ni imla. Andika ninachosema, kisha umsomee." Akasema polepole, kama darasani, akitaja hadi nukta. Nikaandika. Nikamsomea mama: "Nimefika. Kifua ni kibaya. Tunalala ndani ya darasa la shule, familia nyingi pamoja. Usije. Watoto wasome huko kwa mama yao mkubwa. Ukija utakuja kunizika tu."

Naapa, na mnaweza kuniamini au kuacha, mdomo wangu ulikuwa tayari umejaa. Nilikuwa na "kwa sasa" ya kuweka baada ya "usije". Nilikuwa na daktari mzuri wa Mwene-Ditu, mrefu, mwenye miwani. Nikameza vyote.

"Ni yote?" akauliza.

"Ni yote, mama."

Akanyoosha mkono, akachukua mikro. Hakuna mteja aliyewahi kuishika. Akabonyeza.

"Baba batoto, nimesikia. Nakuya. Mi na batoto bote batatu. Treni ya kwanza yenye itapita, tuko ndani."

Hakusema "Kwako". Hakuachia. Alisimama kidole juu ya kitufe, kimya, akiangalia ukuta. Mke wa mwalimu alikuwa ameielewa foni kuliko mwenye foni: alipokuwa amebonyeza, mume hakuweza kukataa. Nilimwambia betri itaisha. Ndipo akaiweka mezani, akajifunga kitenge, akatoka.

Mafuta yakaanza kukaanga tena. "Mwambie hapana," Mwalimu alikuwa anasema. "Mwambie hapana. Kwako."

"Ametoka, Mwalimu."

"Anakuja kweli? Au ni wewe?"

"Ni yeye. Sikuongeza kitu." Kisha, miji yote ikinisikia, nikasema lile jingine. "Madaktari na maziwa ya treni, redio haikuyasema. Nilitunga mimi. Kwako."

Alikohoa kwanza. "Hilo nililijua siku ya pili kituoni," akasema. "Karatasi yangu ya plastiki ilitosha kunieleza." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Akamrudishia mwenzangu mikro.

Ile "hapana" yake nilimpelekea mama jioni hiyo, neno lenyewe tu. Alikuwa anafunga mizigo. "Nilijua atasema vile," akajibu, akaendelea kufunga. Nilibeba cherehani yake hadi kituoni kwa njia iliyonyooka, nikakaa nao siku nne hadi treni ilipopita.

Nusu mwezi ukapita. Asubuhi moja mwenzangu wa Mwene-Ditu akafungua: mama wa mikate amefika na watoto watatu, amemkuta mume wake amekaa nje ya darasa. Nikaandika hivyo, nikampelekea yule dada mkubwa wa mama. Akaisoma ile karatasi, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna zaidi.

"Na walikumbatiana? Alilia? Alisema nini alipobaona batoto?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Sikuwa huko."