Kilichozidi Lita

Jana nilifungua pakiti ya maziwa, nikasikia harufu ya ndoo ya mama.

Nikiwa mtoto, kila asubuhi mimi na mama tulishuka kati ya migomba kumuuzia maziwa mpokeaji. Alipima kwa jagi la lita moja na kupokea lita kamili tu. Kilichozidi tulirudi nacho, na kilikuwa changu. Nilimwomba Mungu lita ya mwisho isijae.

Siku moja tukakuta jagi jipya, lenye mistari ya vipimo.

"Sasa napokea hadi mililita, mama," alisema yule mtu. "Lita nne na mililita mia sita. Utalipwa hadi tone la mwisho."

"Asante, baba," mama akajibu, na alifurahi kweli.

Shuleni nilijibu kwamba lita moja ni mililita elfu, nikapigiwa makofi. Nyumbani mama alitia maji kwenye ndoo tupu, akaisukasuka.

"Kunywa, mwanangu. Ni maziwa."

Hakuna aliyetudhulumu. Ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaumu.

Pakiti ya jana ilipoisha niliitia maji, nikaisukasuka, nikanywa. Kwenye friji kulikuwa na nyingine tatu.